Migongo Tuliyoipaka Unga

Vijana wangu mnaoanza uuguzi, nawaona na kile kipimajoto chenu cha kuelekeza kwenye paji la uso. Mnakiinua, kinalia pii, mnaandika, mnamwita anayefuata. Sina ugomvi nacho. Mwezi uliopita nilipimwa nacho na binti mmoja mzuri sana katika zahanati ya hapa mtaani kwetu, Satellite. Alinihudumia vizuri, akanipa dawa, wala hakunigusa hata kwa ncha ya kidole. Nilirudi nyumbani nikiwa mnyonge bila kujua kwa nini. Nilikuwa nimeshabandika maji ya chai ndipo nikaelewa kwamba nilikuwa nimeukosa mkono wa mtu.

Mimi niliajiriwa kugusa watu. Miaka ya themanini, na sehemu kubwa ya tisini, nilikuwa muuguzi katika kliniki ya ngozi mjini Nairobi, juu ya duka la vitambaa, kwenye barabara inayoteremka kuelekea River Road. Ukiondoa upele, choa na mabaka ya kila namna, kazi yetu kubwa ilikuwa jasho. Chekeni tu, hata mimi nilicheka siku niliyoambiwa. Nilikuwa nimetoka Machakos na cheti changu na sare iliyopigwa pasi ikasimama, nikitarajia kushika mikasi na sindano. Badala yake nikaambiwa nikae karibu na Mama Kaur, anifundishe namna ya kumtoa mtu jasho na kulisoma.

Mama Kaur alikuwa Msikh wa Parklands, mama mnene mwenye miguu midogo, ambaye alivaa koti jeupe juu ya nguo zake za nyumbani na bangili ya chuma aliyoisukuma hadi karibu na kiwiko kila alipoanza kazi. Alikuwa amefanya kazi hiyo tangu kabla sijazaliwa, akiwa na madaktari waliokuja na kuondoka. Alikuwa mkali kwa asubuhi nzima, halafu saa saba anafungua kikopo chake cha chakula, ananitilia chapati iliyojazwa viazi bila kuniuliza kama nina njaa. Tangu aondoke sijaonja chapati ya namna ile. Nimejaribu kuipika mwenyewe na nimeacha.

Kitu cha kwanza alichonifundisha ni kugusa kwa upande wa nyuma wa mkono. Alinishika kiganja akakigeuza.

"Hii hapana amini," aliniambia, akipiga kiganja changu. "Hii iko na jasho yake. Wewe naogopa, yeye natoka maji. Wewe nagusa mgonjwa, wewe nasikia maji yako mwenyewe."

Na ni kweli. Kiganja na wayo havifuati joto sana, vinafuata roho. Ukiitwa kwenye mahojiano ya kazi asubuhi ya mwezi wa saba, baridi imeuma hadi mfupani, viganja vinalowa. Ndiyo maana nawaambia mtumie nyuma ya mkono, na muipitishe polepole kutoka begani kwenda chini. Ngozi inayotoka jasho huukamata mkono kidogo. Ngozi kavu huuachia ukateleza. Mkishajua tofauti hiyo hamtaisahau, hata mkistaafu.

Cha pili kilikuwa kipimo chenyewe. Mgonjwa anavua shati. Unampaka mgongo kwa brashi, iodini iliyochanganywa na spiriti na mafuta ya mbarika, anakuwa wa manjano kama mtu aliyeanguka kwenye mchuzi. Unasubiri ikauke. Halafu unamnyunyizia unga laini wa wanga wa mahindi, ule mweupe unaofanya supu iwe nzito. Kisha unamwingiza kwenye chumba cha joto, ambacho kwetu kilikuwa stoo isiyo na dirisha, yenye hita moja na sufuria ya maji yanayochemka, unamfunika blanketi na kumpa chai ya tangawizi. Jasho linapotoka linauyeyusha unga ndani ya iodini, na kila kitundu cha ngozi chenye tezi ya jasho iliyo hai kinatoa kitone cheusi. Mgongo mzima unajaa vitone vidogo vidogo. Pale ambapo tezi hazipo, au mishipa ya fahamu imekufa, unga unabaki safi. Tuliwaona wagonjwa wa ukoma mapema kwa njia hiyo, baka likiwa bado dogo, mwenyewe akidhani ni choa.

Mimi mara ya kwanza sikusubiri ikauke. Nilikuwa na haraka ya kuonyesha kwamba nimeelewa, nikamnyunyizia mwalimu mmoja wa Kangemi unga ukiwa umefuata brashi. Mgongo wote ukawa mweusi tii pale pale, hata kabla ya hita. Mama Kaur alimzunguka mara moja, mikono kiunoni.

"Mwende, huyu mwalimu nimekupa mgonjwa. Wewe narudisha makaa."

Yule mwalimu alicheka kuliko sisi. Alirudi darasani hivyo hivyo, kwa sababu iodini haitoki kwa maji.

Mniruhusu niseme jambo moja la harufu, maana najua mnalifikiria. Jasho linapotoka halinuki. Tezi za mwili mzima zinatoa maji na chumvi basi. Zile za kwapani, zinazoamka mtu akibalehe, zinatoa kitu kizitokizito kidogo, na vijidudu vya ngozi ndivyo vinavyokila na kuleta shida. Alikuja kwetu karani mmoja wa benki akilia kabisa, mchumba amemwambia jasho lake limeoza. Tukampima, mzima. Mama Kaur akanusa shati lake la tetroni, kitambaa kisichopitisha hewa, lile ambalo kila kijana wa mjini alitaka kuwa nalo wakati ule, akalirusha kwenye karai. "Nunua pamba, oa," alimwambia. Alinunua, na sijui kama alioa.

Sasa shikeni neno moja kabla sijaendelea, kwa sababu mengine yote yanategemea hilo. Jasho halimpozi mtu kwa kutoka. Linampoza kwa kukauka. Tone linalodondoka sakafuni limepotea bure, lakini lile linalokauka juu ya ngozi linaondoka na joto. Kwa hiyo maji ya bomba yakikauka juu ya ngozi yanafanya kazi ile ile.

Ilikuwa mwezi wa pili, jua la Nairobi likiwa kali hadi lami inalainika, walipokuja wanawake wawili kutoka Kinoo, upande wa baridi nje kidogo ya mji, na mtoto. Wanjiru, ambaye ndiye mama mtoto, alikuwa na kibanda cha mabati cha kuuzia sukuma wiki na nyanya kando ya barabara kuu. Mwingine alikuwa mama yake mzazi, bibi wa mtoto, ambaye kwa Kikuyu chao sote tulimwita Shosho, mama mrefu mwenye kikapu cha sufu na sindano za kufumia zilizokuwa zikienda hata alipokuwa akipanda ngazi. Mtoto, Kariuki, alikuwa hajafikisha miaka miwili. Sikumwona mara moja. Nilichokiona ni sweta, na juu ya sweta sweta nyingine, suruali ya sufu, soksi, kofia ya sufu iliyofungwa chini ya kidevu, na shali ya kumkamilisha.

Msimcheke Shosho. Tazameni picha zenu za utotoni, kama mlizaliwa Nairobi. Sisi hapa mtoto tunamvika kama anakwenda kulala juu ya mlima, hata mchana wa jua. Tunaogopa nimonia kuliko kitu chochote, na tuna sababu, maana asubuhi za huku ni baridi. Mtoto aliyevikwa nusu ni aibu ya mama yake. Kila mwanamke atakayepita atamvuta soksi juu na kukutazama.

Kariuki alikuwa ametibiwa malaria karibu kila mwezi tangu azaliwe. Klorokwini alikuwa ameinywa hadi akiona kijiko anafunga mdomo. Homa ilikuwa inapanda mchana na kushuka usiku, na mara mbili ilimletea degedege. Daktari wa watoto ndiye aliyewatuma kwetu, akaandika tu kwamba ngozi ya mtoto inamtia wasiwasi.

Mama Kaur aliingiza mkono chini ya zile sweta, upande wa nyuma, akaupitisha, kisha akaupitisha tena.

"Mwende, kuja. Weka mkono hapa."

Niliweka. Mtoto alikuwa moto kama sufuria, na mkono wangu uliteleza. Hakukuwa na unyevu wowote, hata shingoni, hata nyuma ya goti. Tulimvua nguo zote pale pale, tukamlowesha kwa kitambaa cha maji, nikampepea kwa faili. Dakika chache tu, macho yakafunguka, akatafuta ziwa la mama yake. Shosho alikuwa amesimama nyuma yetu akiwa ameshika sweta mkononi, na mara mtoto alipotulia akaanza kumvika.

"Shosho, ngoja kwanza," nilimwambia.

"Wewe msichana, unataka kuua mtoto? Huyu ni mtoto wa Kinoo, si wa Mombasa."

Daktari Ouma, aliyekuwa akisimamia kliniki wakati ule, alikuja akamfungua mdomo. Kulikuwa na meno mawili tu, membamba yenye ncha. Alimpapasa nywele, zilikuwa chache na laini sana.

"Mama Kariuki, umewahi kumwona akitoka jasho?"

Wanjiru alifikiri. "Hapana, daktari. Hata siku moja."

"Huyu ni mtoto safi," Shosho alidakia kwa fahari. "Hata hanuki."

Daktari alivuta kiti akawaeleza taratibu, na alieleza vizuri, sina la kumlaumu. Mtoto alizaliwa bila tezi za jasho, au na chache mno. Si malaria. Joto likiingia halina njia ya kutoka. Akipozwa kwa maji kila siku ya jua atakua na kusoma na kuoa. Akifunikwa, degedege litarudi, na siku moja halitamwachia. Wanjiru alikuwa akitikisa kichwa kukubali. Lakini Wanjiru alikuwa kibandani tangu alfajiri hadi jioni. Aliyekaa na mtoto mchana kutwa, mle mle kibandani chini ya bati, ni Shosho, na Shosho alikuwa ameshafunga kofia chini ya kidevu.

"Nimezaa saba," alisema. "Nani ameona mtoto akiuawa na sweta?"

Waliondoka. Nilisimama dirishani nikawaona wakivuka barabara, mtoto mgongoni mwa mama yake, shali juu. Sikulala vizuri juma lile. Kila saa ya mchana, jua likipanda, nilikuwa nikilifikiria lile bati la kibanda.

Juma lililofuata walirudi kama walivyoagizwa, na mtoto alikuwa amefungwa vile vile. Alikuwa anahema. Mama Kaur alimpokea mikononi. Alimvua, na kwa kuwa alikuwa moto tayari, akampaka iodini mahali padogo mgongoni, akapuliza ikakauka, akamnyunyizia unga. Tulisubiri kidogo. Unga ulibaki mweupe kama ulivyotoka kwenye kopo. Nikamlowesha mtoto haraka apoe.

"Ona, Shosho," Mama Kaur alisema.

"Dawa yenu imeharibika," Shosho alijibu.

Mama Kaur akasukuma bangili juu, akajipaka mwenyewe mkononi, akajinyunyizia. Kwa joto la chumba kile, vitone vilijitokeza mara moja. Shosho alivitazama, kisha akatazama mgongo wa mtoto, akarudi kwenye kufuma kwake. Lakini niliona sindano zimepunguza mwendo.

Daktari Ouma alikuwa ametuambia tumpime na mama. Hali hii huwapata zaidi watoto wa kiume, na mara nyingi huwafikia kupitia kwa mama, ambaye yeye mwenyewe haonekani kuwa na tatizo kubwa. Wanjiru alivua blauzi bila kusita. Nilimpaka, nikasubiri ikauke barabara maana nilikuwa nimejifunza, nikamnyunyizia unga, tukamkalisha kwenye chumba cha joto na chai. Nilikuwa nimeona migongo mingi kufikia wakati ule. Sikuwahi kuona mgongo kama ule. Vitone vyeusi vilitoka, kisha pakawa na mkondo mweupe usio na kitone hata kimoja, ukianzia kwenye uti wa mgongo na kupinda kwenda ubavuni, kisha vitone tena, kisha mkondo mwingine. Mistari ilishuka hivyo hadi kiunoni, kulia na kushoto. Nilishikilia kioo kimoja mbele yake na Mama Kaur akashika kingine nyuma, ili ajione.

"Hii mistari ni nini, Sista?"

Nilimwambia. Kwenye mistari myeupe hana tezi. Ana kiasi cha kumtosha, ndiyo maana hakuwahi kujua, lakini mtoto alipata ile sehemu isiyo nazo.

"Kwa hivyo ni mimi nilimpa." Alikaa kitini na ule mgongo wake wa mistari, akaanza kulia bila sauti. "Baba yake akisikia atasema nini? Watu wake watasema nini?"

Tuliyokuwa nayo ya kumwambia tulimwambia, kwamba hakuna aliyechagua, kwamba si kosa. Mnajua maneno hayo. Yanasemwa kwa sababu hakuna mengine.

Ndipo Shosho alipoziweka sindano zake ndani ya kikapu. Tangu nimfahamu zilikuwa hazijatulia. Alisimama, akafungua vifungo vya sweta yake, kisha vya gauni, akatugeuzia mgongo.

"Nipakeni na mimi," alisema. "Hatabeba hii kitu peke yake."

Nilimpaka. Ulikuwa mgongo wa mtu aliyebeba kuni na maji na watoto, na brashi ilipita juu yake polepole. Mtu mzima jasho lake huchelewa, kwa hiyo tulikaa naye muda mrefu mle stooni, Mama Kaur na mimi, hita ikivuma, kikombe baada ya kikombe. Labda ni ule moto, labda ni giza la mle ndani, alianza kuzungumza bila kuulizwa. Alisema amezaa saba lakini amelea watano. Wavulana wawili walimwacha kabla hawajatembea, Kimani kwanza, halafu Njoroge. Wote walikuwa na homa. Wote walikwenda msimu wa jua, kabla ya mvua ndefu.

"Na si kwamba niliwaacha wazi," alituambia. "Nilikuwa nawafunika vizuri. Njoroge akilia, naongeza blanketi. Akilia sana, namweka karibu na moto."

Sikuweza kumtazama. Nilitazama mgongo wake, na vitone vilikuwa vimeanza kujitokeza. Vilitoka vichache vichache, na katikati yake mikondo myeupe ikajichora, ile ile ya binti yake, ikishuka na kupinda.

Aliomba kioo. Mama Kaur alinitazama, nami nikamtazama, na hakuna kati yetu aliyetaka kukileta. Mwishowe Mama Kaur akakileta. Shosho alijitazama kwa muda mrefu, akigeuza shingo huku na huku, bila haraka, kama mtu anayesoma kitu alichokisubiri.

"Kwa hivyo hawakuwa wanasikia baridi," alisema.

Vijana wangu, nimekaa na watu wengi wakati wa kupewa habari mbaya. Nimewashika, nimewasemesha, nimewaletea maji. Siku ile nilichofanya ni kukipokea kile kioo tu. Mama Kaur ndiye aliyevuta kigoda akaketi nyuma yake, akachukua pamba na spiriti, akaanza kumfuta mgongo taratibu, mstari mmoja baada ya mwingine.

"Mimi pia ningefunika," alimwambia. "Mtoto nalia, mama nafunika. Mimi ningefunika zaidi, mimi iko na blanketi mingi."

Shosho alicheka, na kile kicheko kikageuka katikati kikawa kilio. Mama Kaur aliendelea kufuta hata baada ya mgongo kuwa safi.

Shosho alipovaa, alikwenda moja kwa moja kwa Kariuki, aliyekuwa amelala mapajani mwa Wanjiru. Sisi tulipokuwa mle stooni, Wanjiru alikuwa amemrudishia sweta moja, kwa mazoea tu. Shosho alimfungua mwenyewe, kifungo kwa kifungo, akamvua na fulana ya ndani. Akaichukua ile fulana hadi kwenye sinki, akailowesha, akaikamua, akamvika ikiwa mbichi.

"Hivi?" aliniuliza.

"Hivi, Shosho. Ikikauka, unalowesha tena."

Kuanzia hapo Kinoo nzima ilimjua. Alitembea na chupa ya maji kikapuni, na jua likiwaka anammwagia mtoto kichwani mbele ya watu. Wanawake walimjia juu, wakamwita mwendawazimu, mmoja akatishia kwenda kwa chifu. Wanjiru alinisimulia jibu lake: "Enda kwa chifu, na umwambie nimesema akuje nimmwagie yeye pia." Kibandani hakumpeleka tena mchana. Alimlaza chini ya mti wa parachichi nyuma ya nyumba, na karai pembeni. Degedege halikurudi.

Mwaka uliofuata Shosho alipanda ngazi zetu akiwa na mfuko wa plastiki. Alikuwa amefumua sweta zote za Kariuki, kofia, suruali, shali na kila kitu. Kwa ile sufu ya rangi mchanganyiko alimfumia Mama Kaur soksi ndefu, na mimi akanifumia sweta.

"Hii ni ya mtu wa kutoka jasho," aliniambia. "Sikuona mahali pengine pa kuipeleka."

Sikuivaa. Nilikuwa na umri wa kutoka jasho kweli, kutwa nzima mle stooni na sufuria, nikirudi nyumbani na sare imegandana na mgongo, nikilalamika njia nzima. Niliikunja nikaiweka chini ya sanduku.

Mama Kaur aliondoka mwanzoni mwa miaka ya tisini. Watoto wake walikuwa Uingereza, walimwita, na mume wake alikuwa ameshatangulia mbele za haki. Siku ya mwisho alinipa brashi yake na kikopo chake cha chakula, akanigusa shavu kwa nyuma ya mkono, kama alivyomgusa mgonjwa. "Wewe nalia," alisema, "si jasho hii," akateremka ngazi na miguu yake midogo. Wanawe waliniambia baadaye kwamba alifia huko, wakati wa theluji, na kwamba zile soksi alizivaa hadi zikaisha visigino. Mara moja nilikwenda Parklands kuitafuta nyumba yake. Wamejenga ghorofa. Nilisimama nje ya geti mpaka bawabu akaniuliza namtaka nani, nikashika njia ya kurudi. Ningetoa vingi nilivyo navyo nikae naye mchana mmoja tu mle stooni, hita ikivuma, akinigombeza kwamba nimepaka vibaya.

Kliniki nayo ilifungwa. Siku hizi kuna mashine, na nasikia hata hilo la watoto wasiotoka jasho mnaweza kulisoma kwenye damu. Ni vizuri. Lakini upande wa nyuma wa mkono uko pale pale, na hauhitaji betri.

Mimi sasa sitoki jasho. Uzee unazilaza tezi, moja moja, bila kukuaga. Natembea hadi dukani na kurudi, jua limewaka, najigusa shingo, kavu. Ile sare iliyogandana na mgongo niliyoilaani miaka yote, leo ninaitamani. Nilipoanza kusikia baridi hata mchana, nilifungua sanduku nikaitoa sweta ya Shosho. Naivaa kila siku. Yeye mwenyewe alikwenda zamani, akiwa mzee sana, kitandani mwake.

Kariuki hunitembelea. Ni baba mtu mzima, mwenye meno ya bandia mazuri kuliko yangu, na anafanya kazi kwenye chumba cha baridi cha kuhifadhia maua ya kusafirishwa, ambako wenzake huvaa makoti mazito naye huvaa fulana na kuwacheka. Huja mwezi wa kwanza au wa pili, wakati wa jua, kwa sababu ndio wakati anaotukumbuka. Chini ya shati huwa amevaa fulana mbichi, kama alivyofundishwa. Hufika mlangoni, hainami, hasalimii kwa mkono, hunikumbatia tu, na mimi humshika mgongo kwa upande wa nyuma wa mkono. Umepoa. Kila mara naupapasa tena kuhakikisha, na kila mara umepoa.

"Nimepita, Sista?" huniuliza.

"Umepita."

Akishaondoka, huwa nabaki nimesimama kizingitini. Sweta huwa imelowa kifuani, alama kubwa ya maji mahali aliponikumbatia. Jirani yangu aliniona hivyo mwaka huu, akanisimamisha. "Sista Mwende, na jua hili umevaa sweta? Ona ulivyotoka jasho!"

Sikumkosoa. Nilivuta kiti nikaketi pale pale juani, nikasikia ile baridi ikianza kuingia ngozini taratibu, sehemu iliyolowa ikikauka.